Marehemu Leif Alisema Barafu Imeshika

Leif, mzee aliyenifundisha kazi ya tovuti, tulimzika Oktoba. Desemba tarehe nne, saa nne asubuhi, tovuti yetu ikasema: "Barafu imeshika, njia ya ziwani iko wazi. Nimepima mwenyewe. Leif."

Jamani, mwili ulinisisimka mpaka nikamwaga kahawa.

Huku kwetu kaskazini mwa Minnesota, majira ya baridi tunavuka ziwa kwa gari, na tovuti yetu ndiyo inayosema lini. Siku hiyo barafu ilikuwa inchi mbili tu. Hata mbwa akiikanyaga ungemwonea huruma.

Nikafuta ule ukurasa kwenye seva. Nikaangalia kwa simu, upo.

Nikazima seva kabisa. Leif bado anasema njia iko wazi.

Mara akapiga simu Solveig, mjane wake. Yuko ukingoni mwa ziwa, gari linaunguruma.

"Duane, Leif ananiita kwenye tovuti. Navuka."

"Shemeji, hiyo barafu haijashika."

"Lini Leif alinidanganya? Maneno yake yakiondoka nitarudi nyumbani. Yakibaki, navuka."

Nikamwomba dakika tano, asikate simu.

Hapo ndipo nikakumbuka somo la Leif la kila siku. Programu zetu ni mbili, na sisi wavivu zote tunaziita seva. Moja iko jikoni, inapika kurasa. Nyingine iko mlangoni, inapokea wageni, na jikoni pakizimika inawagawia kiporo, yaani kurasa za zamani ilizoweka.

Nilikuwa namcheka. Seva ni seva, mzee, acha madoido.

Kumbe ya jikoni ilikufa yenyewe alfajiri, na mimi nikaenda kuizika. Ya mlangoni ikawa inagawa kiporo cha baridi iliyopita, Leif alichoandika angali hai.

Nikaifungua hiyo ya mlangoni. Juu kabisa ya mipangilio yake nikakuta maneno ya Leif:

"Duane, ukifika hapa ujue umeshazima ya jikoni. Nilikwambia."

Chini yake aliandika amri ya kumwaga kiporo. Nikainakili herufi kwa herufi.

Ukurasa ukawa mweupe.

"Ameondoka," akasema Solveig. Nikasikia gari likirudi nyuma kwenye kokoto.

Nililia pale pale mezani, sioni aibu kusema.

Ndugu zangu, mtu akikufundisha kazi, msikilize angali anapumua. Mimi Leif ilibidi anirudie somo akiwa kaburini.