Binti Yangu na Dawa ya Mbwa

Nilifika Kileleshwa, mtaa wa Wazungu mjini, kutoka kwetu magharibi nikiwa nimembeba mgongoni binti yangu wa miaka minne, na kabla sijamwona mume wangu nilikutana na harufu. Mume wangu alikuwa mpishi katika nyumba ya Wazungu. Nyuma ya nyumba ile kulikuwa na vyumba vitatu vya mawe vya wafanyakazi, na banda la mbwa lilishikana navyo ukuta kwa ukuta. Karibu na mlango wetu debe jeusi lilikuwa motoni, na ndani yake yalichemka mapafu na matumbo yaliyooshwa nusunusu, yamechanganywa na posho ya mahindi. Hicho kilikuwa chakula cha mbwa. Mume wangu alikipika kila asubuhi, akanawa mikono, akaingia ndani kuwaandalia Wazungu mayai yao.

"Utazoea," aliniambia, kwa sababu aliniona nimeziba pua kwa kitenge.

Sikuzoea. Mvuke wa lile debe ulikaa kwenye blanketi, kwenye nywele zangu, hata kwenye uji wa mtoto. Choo kilikuwa kimoja, cha mpishi, mtunza bustani, yaya na wageni wao wote, na kila mmoja alidhani kukisafisha ni kazi ya mwenzake. Nilikuwa nikimshika binti yangu kwapani juu ya lile shimo asije akakanyaga chochote, nami nimebana pumzi mpaka kichwa kinauma.

Watoto wa wafanyakazi hawakuruhusiwa kukaa pale. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, askari waliweza kuingia wakati wowote wakiuliza vipande, vile vitambulisho vyetu, na memsahibu hakutaka maneno. Alimruhusu binti yangu kwa muda tu, kwa heshima ya mume wangu, aliyejua kuoka mikate yake jinsi alivyoipenda. Lakini mtoto alikuwa ametoka nyumbani na choa kichwani, mabaka meupe ya duara, na memsahibu aliyaona siku moja alipokuja kuwaangalia mbwa wake. Alirudi nyuma kama aliyekanyaga nyoka.

"Hii toto iko na mugonjwa," alimwambia mume wangu. "Mbwa yangu atapata."

Mbwa wake! Nilisimama pale nikisubiri mume wangu aseme neno. Alisema, "Ndiyo, memsahibu."

Jumamosi iliyofuata nilimwacha mtoto na baba yake nikaenda mjini kutafuta kitambaa cha kumshonea gauni. Nilitembea mpaka kwenye maduka ya Wahindi, nikaruka mitaro iliyojaa maganda ya matunda na mate mekundu ya tambuu, nikapata kitambaa cha maua ya samawati. Niliporudi nilimkuta binti yangu ameketi juani nyuma ya chumba, uchi, anatetemeka. Macho yalikuwa mekundu na kichwa kimenyolewa. Nilipomwinua nilinusa dawa kali, na chini ya dawa ile kulikuwa na harufu ya manyoya mabichi.

"Umemwogesha na nini?" nilimuuliza mume wangu.

Alikuwa akikatakata vitunguu. Hakuinua uso.

"Dawa ya mbwa. Ile ya kupe. Memsahibu amesema ndiyo inaua kila kitu."

"Ndani ya nini?"

Alichukua kitunguu kingine. Mtunza bustani ndiye aliyenionyesha kwa kidevu. Lilikuwa pipa lililokatwa nusu, ambamo mbwa walitumbukizwa kila Jumamosi. Maji yalikuwa bado mle, ya kijivu, na manyoya yanaelea juu. Mbwa walianza, wote watatu, kisha binti yangu akaingizwa katika maji yaleyale.

Nilitapika palepale kwenye maua ya memsahibu. Nikifumba macho hata leo nayaona yale manyoya. Nilikasirishwa na yule mwanamke, ndiyo, lakini yeye alikuwa mgeni kwangu. Aliyenichefua zaidi ni baba wa mtoto, kwamba mikono yake mwenyewe ndiyo iliyomshika kichwa ili dawa isimwingie mdomoni, akajiona amefanya jambo la huruma.

"Ungetaka tufukuzwe?" aliniuliza. "Mtoto hulelewa nyumbani. Mji ni wa kazi. Mrudishe kwa mama."

Hata akina mama wa kanisa letu walisema hivyohivyo. Mji unaharibu watoto, walisema. Nyumbani kuna maziwa, kuna hewa, kuna nyanya wa kumlea. Nikapanda gari moshi na binti yangu, kichwa chake kimejaa malengelenge, nikaenda kukaa kwa mama mkwe.

Hewa ilikuwepo, siwezi kukataa. Lakini ndani ya nyumba tulilala na mbuzi wanne, na asubuhi mkojo wao ulikuwa umefika kwenye mkeka wetu. Mama mkwe alikuwa na meno machache, hata hivyo alitafuna viazi vitamu, akavitoa kwa kidole vikiwa uji wa mate, akamtia mtoto mdomoni. Mtoto wa miaka minne, mwenye meno yote!

"Mama, anajua kutafuna," nilimwambia.

"Hata baba yake nilimlea hivi. Amekufa?"

Funza walimwingia kwenye vidole vya miguu, na mama mkwe akawachokoa kwa mwiba aliouchomoa uani, akaufuta kwenye kanga, akaendelea na mtoto wa jirani. Nilivumilia. Nilijiambia mimi mwenyewe nimekulia humo na sikufa. Kisha siku moja nilitoka shambani nikamkuta binti yangu amewekwa katikati ya miguu ya mama mkwe, naye anammiminia kibuyu kichwani taratibu, juu ya yale malengelenge ambayo yalikuwa yameanza kukauka. Mtoto alikuwa akilia bila sauti.

"Ni nini hicho?"

"Mkojo wa ng'ombe. Dawa yenu ya Kizungu imemchoma, hii itamponya."

Ulikuwa ukimchuruzika mpaka kwenye midomo. Nilimnyakua, nikashuka naye mtoni, nikamsugua kwa sabuni mpaka ikaisha. Mama mkwe alinifuata nyuma akipiga kelele kijiji kizima kisikie kwamba nimemwona mchafu. Nilikuwa nimemwona mchafu. Sikugeuka kumwambia hapana.

Kesho yake niliondoka na binti yangu, lakini sikurudi Kileleshwa. Yaya mmoja aliwahi kunieleza kwamba Kangemi, nje kidogo ya mji, kulikuwa na wenyeji walioanza kukodisha vyumba, nami nikaenda huko moja kwa moja kutoka stesheni. Nilipata chumba cha udongo kwa mama mmoja Mkikuyu ambaye mumewe alikuwa bado kizuizini. Alimtazama binti yangu kichwani, akaniuliza mimi, mama yake, "Nimguse?" Hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo. Nilikaa chini kwenye kizingiti nikalia.

Nilimtumia mume wangu habari, naye alipokuja Jumapili alisimama nje akitazama maji machafu yaliyopita mbele ya mlango.

"Umemtoa kwetu umlete kwenye mtaro?"

"Mtaro nitauruka," nilimjibu. "Nyinyi siwezi kuwaruka."

Aligeuka akarudi kazini. Nilichuuza sukumawiki kwenye milango ya nyuma ya nyumba za Wazungu, mtoto akabaki na watoto wa mwenye nyumba, choa kikapona kwa dawa ya zahanati na maji safi. Memsahibu aliporudi kwao Ulaya, mume wangu alikuja kuishi nasi. Nilimpokea, lakini kumwogesha mtoto sikumruhusu tena.

Mama mkwe alitutembelea mara moja. Binti yangu alikuwa ameanza shule na alizungumza Kikikuyu zaidi kuliko lugha yetu. Nyanya yake alimwita aje akae mapajani. Mtoto akasimama mbali, akanitazama, akauliza kwa Kikikuyu huyu mama anataka nini.

"Umeniua," mama mkwe aliniambia.

Nilimmiminia chai, nikamwekea sukari nyingi kama alivyopenda, naye akainywa akiutazama ukuta. Siku ya pili yake alisema anarudi kwake, nami nikamsindikiza mpaka stesheni nikiwa nimembebea kikapu.