Sukari ya baba ilivyochelewesha harusi yangu Goma, enzi za Zaïre

Wakuu, heshima kwenu.

Leo redio imepiga muziki wa Zaïre ile ya zamani, nikajikuta nimerudi Keshero, mtaa wetu wa Goma. Haya niliyaishi mwenyewe, sina haja ya kutia chumvi.

Baba alikuwa mfugaji kutoka Masisi. Maziwa asubuhi, maziwa jioni. Tulipohamia Goma tukakaa karibu na ziwa, nyumba ya mbao, uani mawe meusi ya volkano.

Uzee ukamletea ugonjwa wa sukari. Dawa alimeza akikumbuka, na chai yake lazima iwe tamu kama asali (mnawajua wazee).

Miaka ya themanini nikachumbiwa na kijana wa mtaa wa Mabanga. Mahari ya ng'ombe ilishafika, padri amekubali, vitenge vimeshonwa.

Baba akajikwaa uani. Kuanguka kwenyewe ni kama mtu aliyekaa chini vibaya. Mguu ukavunjika juu ya kifundo.

Hospitali alishangaa: "Dokta, miye nakunywaka maziwa tangu utoto. Mufupa inavunjika na kajiwe kadogo hivi?"

Akafungwa plasta. Waliovunjika baada yake wakarudi makwao wanatembea. Yeye kila picha ya eksirei jibu ni lile lile: haujaunga.

Harusi ikasogezwa. Ikasogezwa tena. Baba alitaka anipeleke altareni kwa miguu yake, na mimi sikutaka mwingine.

Mabanga maneno yakaanza. Siku moja baba mkwe akaja amewaka: "Muzee, kama unakatala mutoto wetu, sema. Ao unataka ng'ombe ingine?"

Baba machozi yakamlenga. Akasema tu, "Twende wote kwa dokta."

Dokta akawaeleza taratibu: "Mufupa iko sawa na nyumba. Kila siku mwili unabomoa ya zamani, unajenga ya mupya. Sukari ikizidi, bamasoni, bale ba kujenga, banalegea. Huyu papa hadanganye mutu."

Baba mkwe akavua kofia. "Basi, tutangoya."

Tangu hapo kila Jumapili baada ya misa alikuja kukaa na baba, na kumgombeza: "Papa, acha ile sukari!" Wakawa marafiki kuliko sisi wachumba.

Mwishowe mfupa ukaunga, siku ikafika. Baba ndani ya abakosti, ile suti ya Kizaïre isiyo na tai, fimbo mkono mmoja, mimi mkono wa pili. Kwaya ikamaliza wimbo tukiwa katikati ya kanisa. Wakauanza upya. Hakuna aliyecheka.

Wakuu, sijawahi tena kutembea polepole vile nikiwa na furaha kiasi kile.

Siku hizi madaktari wanasema mfupa wa mwenye sukari unaweza kuonekana mzima kwenye picha, kumbe ni dhaifu. Ongeza miguu yenye ganzi na macho hafifu, kuanguka ni rahisi. Mwenye mzazi wa sukari, muulize daktari habari za mifupa pia, na ondoeni vya kujikwaa njiani.

Wa Goma ya zamani mpo? Na nyie mliouguza wazazi wa sukari, mifupa yao iliwasumbua? Tiririkeni, nasoma comments zote.