Kilo Mia Moja na Tatu

Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya kufungua duka lake la nafaka pale Rwamishenye, Bukoba, Anatolia alipita kwenye duka la dawa la jirani, akavua viatu na kupanda mizani. Kwa Jumatatu tisa mfululizo mizani ilisema kitu kilekile: kilo mia moja na tatu.

Maisha yake yote alikuwa mtu wa mizani. Watu walipita maduka mengine matatu kuja kununua maharage kwake kwa sababu kilo yake ilikuwa kilo. Mteja akinung'unika, alimwambia, "Bishana na mizani, mimi niache." Sasa ugomvi na mizani ulikuwa wake mwenyewe.

Mwaka jana alikuwa na kilo mia moja arobaini na mbili, na sukari, na presha, na magoti yaliyouma hata akiwa amelala. Madaktari wa Dar es Salaam walimfanyia upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula. Walimweleza kwamba watamwachia tumbo lenye umbo na ukubwa wa ndizi moja. Mumewe, Projestus, aliposikia kwamba mke wake Mhaya atabaki na tumbo la ndizi, alicheka hadi daktari akamtazama, kisha akaomba radhi.

Miezi ya mwanzo uzito ulishuka kama maji ya mteremko. Sketi zilibanwa kwa pini, pini zikashindwa, sketi zikagawiwa. Halafu ukafika hapo, mia moja na tatu, ukakaa.

"Ni kawaida," muuguzi wa Dar, Violeth, alimwambia kwenye simu. "Mwili ulishtuka, sasa unajipanga upya. Unakunywa nini?"

"Maji."

"Na nini tena?"

"Na omuramba kidogo. Juisi ya ndizi mbivu tu, dada. Si chakula."

"Glasi ngapi?"

Anatolia alilitazama dumu lililokuwa chini ya kaunta. "Inategemea na jua."

Violeth alicheka muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Akamwambia aache juisi, aanze mlo kwa samaki au maharage kabla ya ndizi, atembee jioni, na ajipime mara moja kwa mwezi. Anatolia alitii yote isipokuwa hilo la mwisho. Dumu lilirudi kwa aliyelileta. Kila jioni alitembea hadi njia panda na kurudi, kanga kiunoni, akipita watu waliomwambia kwamba ameisha na wengine waliomwuliza kama anaumwa. Jumatatu ya kumi mizani ikasoma mia moja na tatu.

Projestus hakuelewa kwa nini kilo nne za kushuka chini ya mia zilikuwa zinamnyima mke wake raha. Anatolia hakuwa amemwambia. Kwetu mwanamke hupiga magoti anapowasalimia wakubwa, na Anatolia alikuwa hajapiga magoti kwa miaka saba. Krismasi ya mwaka juzi, nyumbani kwa mama mkwe wake, kijijini Kishanda, alishika mwimo wa mlango akainama tu, mbele ya wageni. Jirani mmoja, mzee Apolinary, akasema, "Georgina, mkwe wako anasalimia kama bwana shamba." Watu wakacheka. Bibi Georgina hakucheka. Aliinamisha macho kwenye nyasi zilizotandikwa sakafuni, akazitazama kama mtu anayetafuta sindano.

Tangu siku ile Anatolia hakwenda tena Kishanda. Baada ya upasuaji alijiwekea ahadi: mizani ikisoma chini ya mia, nitakwenda nikampigie magoti. Na sasa mizani ilikuwa imegoma, na mama mkwe alikuwa na miaka themanini na mmoja.

Simu ilikuja Jumanne moja ya mwezi wa tisa.

"Nimesikia walikukata tumbo," alisema Bibi Georgina.

"Ndiyo, mama."

"Walikukata na miguu?"

Alhamisi Anatolia alipanda basi hadi Muleba, na kutoka hapo bodaboda hadi Kishanda, akiwa amekunja kanga mapajani na aibu yake mkononi kama kifurushi.

Alimkuta bibi uani, akigeuza kahawa kwenye mkeka. Kahawa ilikuwa ya siku kumi juani, nyeusi, karibu kukauka. Kabla Anatolia hajafungua kinywa, upepo uligeuka juu ya migomba, na tone la kwanza likampiga shavuni.

"Kahawa," alisema bibi, bila kumsalimia.

Ikilowa sasa, ingeota ukungu. Anatolia alitupa mkoba, akakamata ungo, akaanza kuzoa. Alizoa kona hii, akasogea kona ile, akakunja mkeka, akajitwisha ungo, akakimbilia ndani. Akarudi kufuata gunia. Mvua iliposhika bati sawasawa, kahawa yote ilikuwa sakafuni, na wanawake wawili walikuwa wamesimama wakihema.

Bibi Georgina alimtazama toka kichwani hadi miguuni. "Umeinuka mwenyewe."

"Wapi, mama?"

"Pale kwenye mkeka. Hukushika ukuta wala mti." Akajifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Kahawa umeipigia magoti. Mimi bado."

Anatolia aliangalia sketi yake. Ilikuwa na tope penye magoti, duara na duara. Hakuikumbuka safari ya kwenda chini wala ya kurudi juu.

Alishuka taratibu safari hii, goti moja, kisha la pili, nyasi zikimchoma kidogo. "Wasibota, waitu," akamwamkia kwa Kihaya. Bibi aliitikia, akampa mkono, akauacha hapo. Aliulizia duka, akaulizia Projestus, akaulizia mvua za Bukoba.

"Mama, magoti."

"Vumilia. Hii ni ya Krismasi mbili."

Mchana walikula. Anatolia alimaliza samaki kwanza, kisha vipande viwili vya ndizi, akasogeza sahani.

"Hicho ndicho chakula?" bibi aliuliza.

"Ndicho."

"Basi kahawa yangu utaizoa kila mwaka. Wewe ni rahisi kulisha."

Anatolia alicheka mpaka akalishika tumbo lake la ndizi. Alikaa siku tatu, akageuza kahawa asubuhi na jioni. Alisalimia majirani wote, Apolinary akiwa wa kwanza, naye mzee alijifanya hakumbuki alichowahi kusema.

Jumatatu alivua viatu kwenye duka la dawa. Muuzaji alichungulia namba, akasikitika kwa niaba yake. "Mia moja na tatu. Pole, mama."

"Pole ya nini?" alisema Anatolia. Akainama, akavaa viatu vyake bila kushika kaunta, akaenda kufungua duka.