Dansi ya Rili ya Sita

Siku yangu ya kwanza kazini niliungua vidole viwili. Ilikuwa Mombasa, miaka ya sabini ikielekea ukingoni, nami nilikuwa kijana mwenye kiburi cha bure. Opereta Mkuu wa sinema ile alinionya nisiguse kifuniko cha taa ya mashine, nikakigusa ili nimwonyeshe kwamba siogopi. Hakunipa pole. "Mkono wa opereta si wake," alisema, "ni wa filamu. Ukiuchoma, umechoma mali ya tajiri." Kisha akanituma nikazoe vumbi chini ya viti.

Nyinyi mnatazama sinema kwenye simu, mmelala chali, kwa hiyo itabidi nieleze. Filamu ilikuwa utepe mrefu wenye picha ndogondogo, kila picha tukiiita fremu, na sekunde moja ilimeza fremu ishirini na nne. Utepe ulizungushwa kwenye magurudumu tuliyoyaita rili, na filamu ya saa mbili ilikuwa na rili sita au saba. Rili moja haikuzidi dakika ishirini, ndiyo maana chumba cha mashine kilikuwa na mashine mbili: moja ikimaliza rili yake, ya pili inadaka. Kidoa cha mviringo kilitokea kwenye kona ya juu kulia. Kidoa cha kwanza unawasha mota, cha pili unabadilisha. Mtazamaji hakupaswa kujua. Akijua, Opereta Mkuu alipanda ngazi huku amekunja mikono ya shati.

Utepe ukikatika tuliuunga kwa gundi. Kiungo kikipita kwenye njia ya sauti kilitoa mlio kama debe lililopigwa teke, na dawa yake ilikuwa kukipaka wino mweusi umbo la pembetatu. Mara moja wino uliisha, nikachukua rangi ya kucha ya dada yangu, nyekundu iliyoiva hadi kukaribia weusi. Ilishika kuliko wino. Nikaizoea, na sikuiacha tena maisha yangu yote ya kazi.

Halafu ikaja ile filamu ya disko. Jina lake silitaji. Ilihusu msichana wa kiwanda cha biskuti ambaye mchana anapanga makopo na jioni anakwenda kucheza dansi, na mwishowe, katika rili ya sita, anasimama peke yake mbele ya umati mzima na kucheza kwa dakika nne bila kusema neno. Suruali yake ilibana mapajani, ikafunguka kuanzia gotini mpaka ikafunika viatu. Ndiyo hiyo mliyosikia wazazi wenu wakiiita bugaluu.

Msiniambie sinema haibadilishi watu. Nilikaa kwenye tundu langu juu ya ukumbi nikaona mji ukibadilika wiki baada ya wiki. Kwanza vijana wa kiume walikuja na nywele zimefugwa kama mafiga. Kisha raizoni, vile viatu vya soli nene, mpaka mtu mfupi akawa hajulikani tena. Mahatibu walitusema Ijumaa. Bendi za harusini zikalazimika kupiga disko, la sivyo mabwana harusi waliwatafuta wengine. Na wasichana wa watu wenye heshima zao walivaa bugaluu chini ya buibui, ncha zikachungulia kwenye vifundo vya miguu. Wazee wakajifanya hawaoni.

Mafundi cherehani ndio walioteseka. Wateja walitaka suruali ile ile, na fundi akija kutazama, msichana wa kwenye filamu hatulii. Fundi mmoja alinipandia ngazi akaniomba kipande cha utepe, akakitazame kwenye mwanga kwa kioo cha kukuzia aone mshono ulipoanzia. Nikamkatia kipande cha urefu wa kiganja. Akanilipa kwa suruali. Wa pili akaja, na wa tatu. Tulikuwa na neno letu, kuonja, kama mpishi anavyoonja mchuzi, na kila opereta wa pwani alionja. Lakini filamu ilikaa kwetu miezi, mafundi wakataka vipande vya pima nzima, nami sikuonja, nilikula. Kila nikikata niliunga vizuri, nikapaka rangi yangu ya kucha, na siku ilipoondoka kwetu kwenda sinema nyingine sikuwaza nimeacha nini cha dansi ile.

Video zilipoua sinema za Mombasa, nilihamia Dubai, Bur Dubai, kwenye sinema kongwe iliyoonyesha zaidi filamu za Kihindi. Niliyemkuta huko ni Salum, Mzanzibari, aliyefika Dubai kijana na kukaa miaka mingi kuliko baadhi ya barabara zake. Yeye ndiye aliyekwenda kwa kafeel wetu, mwajiri anayedhamini ukaazi wa mgeni, kunisemea. "Mtu wangu huyu, namjua," alimwambia, na wala hakunijua. Ijumaa nilikula kwake Rashidiya, alikokaa na mkewe Bi Zuwena na watoto watatu wanaosoma huko. Ukaazi wa nyumba nzima ulining'inia kwenye kazi yake. Akiipoteza na asipate kafeel mwingine, wote wanafunga mizigo.

Salum alinitania kwa ile chupa ya rangi ya kucha. "Bwana Kassim, leo wenda harusini?" aliniuliza kila akiiona mezani. Tulikuwa na mashine mbili, nami nilishika ya kwanza, rili za witiri, yeye ya pili, rili za shufwa. Tulipokezana miaka mingi bila kidoa kimoja kutupita.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi Meneja alituita ofisini. Mashine za utepe zingeondolewa. Zingekuja za kompyuta, filamu inafika kwenye kisanduku kidogo kama sabuni, na kazi ni kubonyeza.

"Mashine mpya haitaki watu wawili," alisema Meneja. "Mmoja atabaki. Nitaamua baada ya mwezi. Khalas?"

"Khalas, sir," tulijibu kwa pamoja, kama wanafunzi.

Hapo shetani wangu akaamka. Nilikuwa nimevuka miaka hamsini, sina kingine nilichokijua. Siku ya pili nikarudi kwa Meneja peke yangu. Nikamwambia tuage mashine za zamani kwa onyesho moja la heshima, tulete ile filamu ya disko, Waswahili wa Dubai wote watakuja. Nikajigamba kwamba filamu ile naijua fremu kwa fremu. Meneja akapenda. Akampata tajiri mmoja mzee, mfanyabiashara wa nguo, aliyekuwa na kopi ya utepe iliyowahi kuzunguka Afrika Mashariki. Tajiri akakubali kuiazima kwa sharti moja, irudi kama ilivyokuja.

Kanuni ya kazi ni hii: kopi ikifika, opereta mmoja anaikagua yote kabla haijaguswa na mashine. Anaizungusha mezani polepole, utepe ukipita kati ya kidole gumba na cha shahada, kidole kikihesabu viungo. Kila kasoro anaiandika kwenye kadi ya ukaguzi, anatia sahihi. Kadi hiyo ndiyo shahidi. Kisichoandikwa, kikionekana baadaye, kimefanyika kwetu. Meneja alinipa mimi kazi hiyo kwa kuwa nilijigamba.

Rangi za kopi zilikuwa zimegeuka waridi kwa uzee, jambo la kawaida. Rili tano zilipita salama. Kwenye ya sita kidole kiligonga kiungo, kikagonga kingine, kikagonga kingine, mpaka nikasimamisha meza. Niliuinua utepe kwenye taa. Pembetatu zote zilikuwa nyekundu iliyoiva. Ilikuwa kopi ile ile, na mkono ule ulikuwa wangu. Wengine walikuwa wameonja baada yangu, lakini chakula nilikimaliza mimi. Katika zile dakika nne palibaki sekunde chache.

Nilishika kalamu. Nikiandika ukweli, onyesho linafutwa, na mimi ndiye niliyelitaka. Meneja atauliza fremu nilizozijua ziko wapi. Na Salum, akiona rangi ile, atacheka mpaka akae chini, kisha Meneja atajua. Nikajidanganya kwamba watu wamesahau, miaka imepita, watapiga makofi tu. Nikaandika "safi" kwenye rili zote sita na kutia sahihi.

Ijumaa, baada ya Alasiri, ukumbi ulijaa. Walikuja wa Mombasa, wa Lamu, wa Unguja, waliofanya kazi za ndani Al Warqa wakaomba ruhusa kwa madam zao, wazee wenye fimbo, mabibi waliopaka hina. Bi Zuwena alikuja mapema akakaa safu ya mbele. Nilikuwa nimesahau alichonisimulia zamani, kwamba enzi za ujana wake kwao Unguja bugaluu zilipigwa marufuku, na yeye dansi ile alisimuliwa tu na binamu yake aliyetoka Mombasa. "Leo naiona kwa macho yangu," alimwambia Salum alipompandishia chai chumba cha mashine.

Kidoa kikatokea. Nikazima ya kwanza, Salum akadaka na rili ya sita. Msichana akatembea katikati ya ukumbi, ngoma ikaanza, akainua mguu mmoja. Halafu akawa yuko kona nyingine. Halafu umati ukawa unashangilia na yeye anafuta jasho.

Hakuna aliyepiga makofi. Ukasikika mluzi, kisha mtu akapaza sauti kwa Kiswahili, "Rudisheni dansi yetu!" Kupitia tundu nilimwona Bi Zuwena amegeuza shingo kututazama huku juu, kama tumeificha dansi chumbani.

Asubuhi tajiri mwenye kopi alikuwa ofisini, akidai kopi ilitoka kwake nzima. Ukweli ni kwamba hata yeye hakuwa ameitazama miaka mingi, aliiweka stoo akiamini ni nzima. Kadi ilikuwa mezani.

"Kadi inasema safi," alisema Meneja. "Jana dansi haipo. Rili ya sita ilikuwa kwenye mashine ya nani?"

"Yangu mie," alijibu Salum.

"Umekata?"

"Mie sijakata kitu, sir. Wallahi."

Meneja akamsukumia rili. Salum akavuta utepe, akauinua dirishani. Akaziona pembetatu nyekundu. Kisha akanitazama mimi. Sikuona hasira usoni mwake. Akaurudisha utepe taratibu, akaukunja vizuri kama tulivyofundishwa, akaweka mikono mapajani.

Meneja akanigeukia. "Kassim, wewe ndiye uliyekagua. Ilikuja nzima au haikuja nzima?"

Nimelifikiria swali hilo kila siku iliyofuata. Lilihitaji maneno mawili. Salum alikuwa kando yangu, nikisikia pumzi zake, na hakunisukuma hata kwa kikohozi.

"Kama kadi inavyosema, sir," nikajibu.

"Khalas," akasema Meneja.

Salum ndiye aliyefukuzwa. Alipewa muda mfupi wa kutafuta kafeel mwingine, na nani angemchukua opereta wa utepe, mtu mzima, aliyefukuzwa kwa kuharibu mali? Watoto walitolewa shuleni katikati ya muhula. Vitu vya nyumba vikatangazwa kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa duka la jirani. Siku ya safari nilimwambia Meneja nina homa. Sikwenda uwanja wa ndege, ingawa Rashidiya na uwanja ni pua na mdomo.

Mimi nilibaki. Mashine mpya zikaja, nami nikawa mbonyezaji. Hakuna rili, gundi wala kidoa, hata joto la taa halikuwepo, chumba baridi kama jokofu. Meneja mpya, kijana, aliniita "uncle" na kunifundisha nenosiri mara tatu. Ikiharibika, alipiga simu, na mtu asiyeonekana akaitengeneza akiwa nchi nyingine. Nilikaa hivyo mpaka mwisho wa muongo, wakanipa cheti chenye jina langu limekosewa, nikarudi Mombasa.

Vijana wa hapa wananialika kwenye mikutano yao ya mambo ya kale. Wanataka niwaeleze disko ilivyoingia pwani, nami nawaeleza bugaluu na raizoni, wanacheka, wanarekodi. Wananiita hazina. Nimewaacha waniite hivyo kwa muda, lakini sasa naandika, na mtakaosoma mjue hazina yenu imemfukuzisha kazi mtu aliyeitafutia kazi.

Mwaka wa kustaafu nilivuka kwenda Unguja. Salum alinipokea mlangoni, akanikumbatia, akaagiza niletewe maji ya kunawa. Bi Zuwena alinipakulia yeye mwenyewe, pilau na kachumbari, akaniuliza hali ya kila mtu niliyemjua. Nilisubiri aondoke na vyombo. Nikaanza, "Salum, ndugu yangu, ile rili ya sita—"

"Nnajua," alisema. "Niliijua pale pale dirishani."

"Mbona hukusema?"

"Kwani ulimi ulikuwa wangu?" Alimimina chai, akanisogezea kikombe. "Nilikungoja useme wewe. Nikakungoja pale ofisini, nikakungoja mwezi mzima. Uwanja wa ndege wenzetu wote walikwisha kuingia ndani, mie nimesimama mlangoni na mabegi. Zuwena akaniuliza, 'Wamngoja nani?' Nikamwambia namngoja Kassim, ana neno lake kwa Meneja, atakuja nalo."

Nikamuuliza kama Bi Zuwena anajua.

"Hajui," alisema Salum. "Mpaka leo anadhani nilikata mie."