Boflo Juu ya Friji

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza chuo na sina kazi, kwa hiyo kila jambo dogo la nyumbani lilikuwa langu. Mama alipoambiwa kwamba mama wa mchumba wa dada anakuja kutoka Ufaransa kukaa nasi siku tatu, alinigeukia mimi.

"Wewe ndiye msomi. Niulizie, Wafaransa asubuhi hula nini?"

Tulikuwa tunaishi Grand Prairie, Texas, mimi, mama na dada yangu mkubwa ambaye ni muuguzi. Mchumba wake alikuwa mhandisi Mfaransa aliyefanya kazi Fort Worth. Alikuwa amesilimu, akajifunza kusema "shikamoo" vizuri kuliko binamu zangu waliozaliwa hapa, na bado mama alikuwa hajasema ndiyo. Alimwita "kijana". Mimi nilimwita shemeji moyoni tu, sikuthubutu kulitamka neno lile mbele ya mama. Baba alikuwa ameshafariki, na wajomba wa Mombasa walikuwa wamemwachia mama uamuzi wote. Naye alisema waziwazi, "Nitakaa na mamake mezani. Mtu humjui kwa simu. Akila chakula changu, nitajua. Asipokula, pia nitajua."

Kwa hiyo swali la kifungua kinywa halikuwa swali la mapishi. Ndoa ya dada yangu ilikuwa imewekwa juu ya meza ya asubuhi, na mimi ndiye niliyetumwa kupeleleza kitakachopakuliwa.

Nilianza na maktaba. Nilipata kitabu cha mapishi chenye picha ya mkate uliopindwa kama mwezi mwandamo, unang'aa kwa siagi. Nikaenda dukani nikanunua boksi zima la mikate ile. Nikiwa njiani kurudi, nikawaza: mgeni akiviona vitu vya kwao mezani, si atadhani tumeona aibu ya vyetu? Au atadhani tunamwigiza? Nikaliacha boksi kwenye buti la gari ili nifikirie vizuri. Lilikaa humo siku nne katika joto la Texas, na nilipolifungua baadaye mafuta yalikuwa yamelowesha zulia la buti.

Alhamisi nikaendesha gari hadi mtaa wa Vickery Meadow, Dallas, kwa mama mmoja Mkongo ambaye nilikuwa nikimsaidia kujaza fomu zake. Zamani, huko Bukavu, aliwahi kupikia masista Wafaransa. Nilipomuuliza, alicheka huku akimsuka binti yake kwenye ngazi za ghorofa.

"Asubui? Banakula kidogo sana. Mukate, siagi, na konfitiri, ile jamu. Banachovya mu bakuli ya kahawa, njo ile tu."

"Mayai je?"

"Mayai ya nini asubui? Nilibapikia mayai siku ya kwanza, bakaniangalia kama nimebaletea mbuzi muzima."

"Na kama amealikwa? Kama ni mgeni?"

"Mugeni ao hapana, tumbo ni ile ile, dada yangu."

Nilipaswa kurudi nyumbani nikamwambie mama maneno yale. Badala yake niliyabeba siku mbili. Nilijua atakachonijibu: mgeni wa mkwe umpe mkate mkavu? Nani kakufundisha ufedhuli huo? Halafu nikawaza kwamba labda masista wana utaratibu wao, hawali kama watu wengine. Halafu nikawaza kwamba Bukavu ni zamani. Kila nilipoingia jikoni nimwambie, nilimkuta anakuna nazi au analoweka mbaazi alizozipata kwa taabu kwenye duka la Wamexico, nikatoka bila kusema.

"Umeuliza?" alinisaili Ijumaa.

"Nimeuliza. Wanapenda mkate."

"Basi mahamri si mkate?"

Nikasema ndiyo, kwa namna fulani. Dada, aliyekuwa anapiga pasi sare yake, aliniangalia usoni akasema kwa sauti ya chini, "Wee, acha ku-overthink. Kama kuna kitu, sema." Nikasema hakuna.

Mgeni alifika Ijumaa jioni, mwanamke mwembamba wa miaka sitini, nywele fupi za mvi, kachoka na safari. Alikunywa maji, akalala.

Jumamosi mama aliswali alfajiri na hakurudi kitandani. Kufikia saa mbili meza ilikuwa imejaa: mahamri yaliyoumuka yakawa kama mito, mbaazi za nazi kwenye bakuli kubwa, viazi karai, vitumbua, mkate wa sinia, mayai ya kukaanga, chupa moja ya chai na moja ya kahawa, maziwa ya moto pembeni. Mbele ya kila mtu kulikuwa na sahani, kikombe, na kibakuli cha kutilia mbaazi. Shemeji alikuja mapema kutoka kwake. Dada alivaa dera jipya na hakuweza kukaa, alikuwa akirekebisha vijiko vilivyokwisha kukaa sawa.

Mgeni alipoiona meza, aliweka mkono kifuani. Akasema maneno marefu kwa Kifaransa, shemeji akayatafsiri kwa Kiingereza, dada akayaleta kwa Kiswahili: "Anasema ni nzuri mno, hajawahi kuona."

"Kuona si kula," mama akasema, akitabasamu. "Karibu."

Mgeni alitazama kila sahani kwa heshima. Kisha macho yake yakapita juu ya meza, yakaingia jikoni, yakatua juu ya friji. Akanong'ona na mwanawe. Shemeji akawa mwekundu hadi masikioni.

"Anauliza," akaniambia mimi, labda kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa karibu na mlango, "kama anaweza kupata ule mkate."

Juu ya friji kulikuwa na mfuko wa plastiki wenye mikate midogo ya Wamexico ambayo mama aliiita boflo, kwa sababu inafanana na boflo za Mombasa. Ilikuwa mikate yetu ya siku za kawaida. Haikuwekwa mezani kwa sababu hakuna mtu anayempa mgeni boflo.

Niliileta. Ningefanya nini? Mgeni alichukua mmoja, akaupasua kwa vidole, akapaka siagi. Kisha akavuta kibakuli chake cha mbaazi, kitupu, akamimina humo kahawa na maziwa, akachovya mkate, akala. Vijiduara vya siagi vikaelea juu ya kahawa. Alifumba macho kidogo. Upawa wa mbaazi ulikuwa mkononi mwa mama, umejaa, na hapakuwa tena na mahali pa kumpakulia.

Akaurudisha upawa kwenye bakuli kubwa taratibu, akasema, "Naleta sukari," akaenda jikoni. Sukari ilikuwa mezani. Dada alinitazama. Nikamfuata mama.

Alikuwa amesimama akiipa meza mgongo, mikono juu ya sinki.

"Umeona?" alisema. "Kakijaza kahawa kibakuli ili nisimtilie mbaazi. Kaagiza makombo ya juu ya friji. Ni kuniambia yeye si wa kula vyetu. Mwambie dadako nishapata jibu."

Nilifikiria kungoja hadi mgeni aondoke, nimweleze polepole. Nilifikiria kumwachia dada amweleze. Kupitia mlangoni nilimwona dada amekaa, hatimaye, mikono yote miwili imeshika kikombe asichokinywea.

"Mama, nilijua."

"Ulijua nini?"

"Ndivyo wanavyokula. Mkate na siagi, wanachovya kwenye bakuli la kahawa. Kila siku. Hajakukataa."

"Nani kakwambia?"

"Yule mama Mkongo. Aliwapikia."

"Lini?"

"Alhamisi."

Aligeuka. "Alhamisi! Nimedamka na unga, na wewe wajua tangu Alhamisi?"

"Niliogopa utasema nakufundisha ufedhuli."

"Miaka minne ya chuo, mwanangu, na ulimi umeusahau huko huko."

Nikasema jambo ambalo sikulipanga, pengine la kwanza ambalo sikulipanga mwaka ule mzima. "Mama, na wewe asubuhi hula nini?"

Alijua. Kila siku ya Mungu, akidhani bado tumelala, alikaa peke yake na kikombe chake chenye pengo ukingoni, akichovya boflo kwenye chai. Hajawahi kufanya hivyo mbele ya mgeni.

Akafungua kabati, akakitoa kikombe kile chenye pengo. Akarudi mezani, akakaa, akajimiminia chai. Akanyoosha mkono hadi kwenye mfuko wa plastiki, akatoa boflo, akaumega, akachovya. Tone la chai likaanguka kwenye kitambaa cheupe na hakulipangusa.

Mgeni aliacha kutafuna. Alitazama kikombe, akatazama boflo, halafu akasukuma sahani ya siagi hadi mbele ya mama.

Mama akapaka. Akala. Kisha akamgeukia dada, na kwa sauti ile ile anayoitumia kuuliza kama nguo zimekauka, akasema, "Muulize mama mkwe wako, mahamri kwao huliwa saa ngapi?"

Dada aliziba mdomo kwa mikono yote miwili. Ilibidi shemeji, ambaye neno "mkwe" alikuwa amelijifunza kabla ya mengine yote, amuulize mamake mwenyewe.

"Anasema vitu vitamu ni saa kumi jioni."

"Basi saa kumi," mama akasema. "Hayana pa kukimbilia." Kisha, bila kunitazama, "Na wewe, leta siagi nyingine. Na siku nyingine useme."

Nilikwenda jikoni. Nilifungua friji, nikaitoa siagi, nikasimama pale katika baridi yake, nikiwaza kama niilete ikiwa ngumu hivyo hivyo au niilainishe kwanza, hadi dada akaja, akainyakua mkononi mwangu, akarudi nayo mezani.