Kamba Sita za Kunasia Bata

Wiki iliyopita nilimpeleka binti yangu makumbusho. Ndani ya kabati la kioo nikaona kitu nilichokitambua hata kabla ya kusoma maelezo: kamba sita zilizofungwa pamoja upande mmoja, kila moja ikiwa na kipande cha mfupa mwishoni. Nikacheka peke yangu. Nilikuwa nimerudi mtaa wetu wa Small Heath, ughaibuni, nina miaka tisa, nyumba yetu inanukia iliki na nguo zilizokataa kukauka.

Mwalimu ndiye aliyetuchorea kifaa hicho ubaoni. Alisema Wainuit, watu wa nchi za barafu za kaskazini, walikirusha katikati ya bata wanaoruka chini chini; kamba moja ikigusa bawa, zote zinamzinga ndege, anaanguka. Zinajuaje kujifunga? Nilirudi nyumbani na swali hilo.

Nyanya alikuwa jikoni akikaanga mahamri. Tangu aje kutoka Isiolo hakuwahi kutoka nje peke yake. "Nitamwambia mtu nini huko?" alizoea kusema. Nilimweleza kwa Kiingereza, akanijibu kwa Kiswahili, kama kawaida yetu.

"Kijiwe kina mbio zake," alisema. "Kamba ikizuiwa, lazima kizunguke. Lete soksi kuukuu."

Tulizitia kokoto, naye akazifunga kamba kwa fundo la mizigo ya ngamia. Uani nikazungusha juu ya kichwa, vuuu, nikaachia. Zikapita juu ya ukuta, zikajizinga kwenye shuka jeupe la jirani na kuliangusha matopeni.

Nilitaka kujificha. Nyanya akajitanda, akachukua sahani ya mahamri. "Twende."

Jirani, mama wa Kipakistani, alifungua mlango shuka likiwa mkononi. Nyanya akamwamkia, "Asalaam aleikum," kisha akazungusha mkono hewani, akapiga mabawa kama bata, akaninyooshea kidole. Yule mama akatukodolea macho, halafu akacheka mpaka akakaa kizingitini.

Tangu hapo kila alasiri Nyanya alikuwa kwake. Mmoja Kiurdu, mwingine Kiswahili, wakishikilia maneno yaliyomo katika lugha zote mbili: chai, sabuni, dunia. Niliwasikia wakicheka.

Wote wawili wametangulia sasa. Mimi niliyeuliza kila kitu sikuwahi kuwauliza walikuwa wakiambiana nini.