Bidoni la Urwarwa Mbele ya Jaji

Mpaka leo nikipita karibu na mahakama ile ya Gitega naangalia chini, na mkinicheka sitanuna, maana aibu hii niliitafuta mwenyewe kwa miguu yangu.

Kaka yangu Melkioni, seremala wa Musinzira, mtaa wa hapo hapo Gitega, alipigwa kirungu kwenye kiwiko na polisi kizuizini, mkono ukakataa kukunjika, naye akaishitaki polisi. Jaji alitaka ripoti ya daktari mtaalamu wa mifupa, mwisho Jumatano, isipofika mkono ule hauhesabiwi katika kesi. Lakini daktari aliyempata, wa Muyinga upande wa kwetu, alikuwa bado anangoja mashine ya picha itengenezwe, akaandika barua ya kuomba siku zaidi, na Melkioni aliyebaki kule akisubiri zamu akanituma mimi, nimpe jaji barua halafu ninyamaze (kunyamaza ndiyo kazi ninayoiweza kuliko zote).

Sasa kwetu Gasorwe hakuna anayeomba mke, shamba wala msamaha mikono mitupu, unatanguliza kwanza urwarwa, pombe yetu ya ndizi, ndipo unafungua mdomo. Nikaona haya kwenda kumwomba mtu mkubwa vile siku bila kitu, nikajaza bidoni, dumu dogo la plastiki, nikalitia kikapuni pamoja na barua, nikapanda gari.

Njia ni ya vilima, jua kali, pombe ikatikisika mpaka Gitega. Jina la Melkioni lilipoitwa nikasimama na kikapu changu, kifuniko kikaruka kwa mlio uliowafanya polisi wawili wa mlangoni wainame, povu likamwagikia barua na suruali yangu, na harufu ikamfikia jaji kabla yangu.

“Iko nini humo, kijana?”

“Ni ya kuombea siku, mheshimiwa.”

Watu wakacheka. Avoka, wakili wa polisi, hakucheka, alisema hii ni rushwa mchana kweupe, ombi litupwe na kesi iendelee bila ripoti, na mimi nikaona nimemponza kaka yangu.

Jaji, mama mmoja mwenye miwani, akaifungua barua, wino umekimbia wote, umebaki muhuri.

“Anayetoa rushwa haileti mbele ya watu wote, avoka,” akasema, kisha akanigeukia. “Haya, iliandikwa nini humu?”

Mimi ambaye hata kanisani naimba kwa kunong'ona nikaeleza mashine, daktari, kiwiko, mpaka nikaonyesha jinsi kaka anavyoshika randa kwa mkono wa kushoto. Jaji akatoa siku ishirini na moja, ila niandike ombi upya palepale, na bidoni litoke nje. Ninaandika polepole jamani, herufi moja moja, na ukumbi mzima ukanisubiri, mpaka polisi mmoja akaniinamia.

“Kaza mkono, mdogo wangu, na sisi iko njaa.”

Nilipomaliza nikapewa tambara nikapiga deki.

Ripoti Melkioni aliipeleka mwenyewe, ndani ya siku zile, hakutaka hata niisindikize. Nami nimeapa, nikiwa na la kumwomba jaji nitaliomba kwa mdomo huu huu unaotetemeka, urwarwa ubaki Gasorwe kwa wanaouelewa.